Feni ya Maktaba na Daftari la Maswali

Sikuingia maktaba kwa kupenda vitabu. Niliingia kwa ajili ya feni.

Ilikuwa Desemba, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nyumba yetu ya Makorora ilikuwa na bati bila dari. Aliyewahi kuishi Tanga anaijua Desemba yake: jasho linakutoka kabla hujaamka. Mama alikuwa akiuza maharage ya nazi na mikate ya kumimina barazani tangu alfajiri, na kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kusugua sufuria. Ikifika saa nne kazi imekwisha, naambiwa nitoke nisije nikalala mchana kama mgonjwa. Nikawa nachukua baiskeli ya kaka, nashuka mjini hadi maktaba ya mkoa, lile jengo la miaka ya 1950 lililopewa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Nakaa chini ya feni na gazeti la juzi, mpaka adhana ya alasiri.

Siku ya tatu au ya nne akaingia mzee mmoja kutoka Mwambani, kanzu imefifia, kandambili mkononi kana kwamba anaingia msikitini. Akasimama mbele ya meza ya mapokezi.

"Mama, mimi sikuja kusoma. Minazi yangu inakufa. Nimeambiwa humu mna vitabu vya kila kitu."

Mama aliyekaa pale, mtu mzima wa ushungi na miwani ya kufunga kwa uzi, hakumwambia nenda kwa bwana shamba. Wala hakuinuka. Alimuuliza, "Inaanzaje, baba? Inapukutisha vidaka kwanza au makuti yanageuka rangi kwanza?" Mzee akafikiri. Vidaka kwanza, akasema, halafu makuti ya chini yanakuwa manjano, mwisho kilele kinaoza na kudondoka, unabaki mti kama nguzo ya simu. Mmoja au mingi? Ulianza upande gani wa shamba? Maswali manne matano hivi, ndipo akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akarudi na kijitabu chembamba. Wakakisoma pamoja, yeye akisoma kwa sauti. Kijitabu kilisema mnazi uliokwisha shikwa hauna dawa, unakatwa. Akamwandikia kwenye karatasi jina la kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, kilichokuwa kikishughulikia minazi, ili aende nalo kwa bwana shamba.

Mzee aliondoka na habari mbaya, lakini aliondoka nayo mkononi, na akashukuru mara tatu. Kilichonishangaza mimi ni kilichofuata. Yule mama alifungua daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika tarehe, swali la mzee kwa maneno ya mzee mwenyewe, alichompa, na alichokikosa. Umbeya ukanishinda nikamuuliza anaandika nini.

"Vitabu vina rejista yake, mwanangu. Maswali nayo je?"

Sitamtaja jina, ni mtu asiyependa kutajwa. Nitamwita Bi Mkubwa kama tulivyomwita sote. Kila nilichokipata katika kazi hii baadaye kimetokana na lile daftari, na ninapoulizwa na vijana namna ya kupata kazi maktaba huwa naanza na hilo kabla ya cheti. Wengi hawaridhiki. Wanataka niwape namba ya simu ya mtu.

Matokeo yalipotoka hayakunipeleka kidato cha tano. Nikaomba kujitolea. Sikuwa na posho, nilikuwa na chai ya maziwa saa nne na ruhusa ya kukaa chini ya feni kihalali. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kupiga muhuri, na kurudisha vitabu rafuni. Watu hudhani hii ya tatu ndiyo nyepesi, na ndiyo niliyoiharibu.

Namba za vitabu katika maktaba zetu nyingi ni za mfumo wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Kila elimu ina namba yake, na baada ya nukta namba inazidi kuchambua. Mapishi ni 641.5. Vyakula vya mbogamboga ni 641.35. Mimi kwa hesabu zangu za sokoni, thelathini na tano ni kubwa kuliko tano, basi kwa wiki nzima nikawa naweka 641.5 kwanza na 641.35 baada yake. Kumbe baada ya nukta husomi namba nzima, unasoma tarakimu mojamoja: tatu inatangulia tano, basi. Mwalimu mmoja wa sayansi kimu akaja kutafuta kitabu alichokiazima mara kumi, hakukikuta mahali pake, akaapa kimeibwa. Kilikuwa umbali wa dhiraa moja. Bi Mkubwa hakunigombeza. Alinipa rafu nzima ya 600 niisome kitabu kwa kitabu, mgongo kwa mgongo, siku tatu, kwa kidole. Mpaka leo naweza kukosea hesabu ya chenji lakini siwezi kukosea desimali.

Na hapa niseme jambo linalonikera hadi leo. Ukilifungua lile fungu la 200, la dini, utakuta kuanzia 220 hadi 289 ni Biblia na Ukristo na madhehebu yake. Uislamu wote, Kurani, hadithi, fiqhi, sira, historia ya masheikh, umebanwa kwenye 297. Sasa njoo Tanga, upange vitabu vya wasomaji wa Tanga. Namba zinaota mikia mirefu ya desimali isiyotosha kwenye mgongo wa kijitabu cha kurasa 40. Fasihi ya Kiswahili nayo hali ni hiyo hiyo: mashairi, riwaya, tamthilia, tangu utenzi wa kale hadi kilichochapwa juzi, vyote 896.392. Mfumo haukutungwa ukitufikiria sisi. Mkutubi wa pwani analazimika kuikata kanzu aliyopewa ili imkae, na ukiulizwa kwenye usaili juu ya udhaifu wa Dewey, hilo ni jibu bora kuliko yale ya kukariri, kwa sababu umeliona kwa macho.

Baada ya mwaka hivi, Bi Mkubwa akanisukuma niombe chuo. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kiko Bagamoyo, kipo tangu 1989, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mama yangu alicheka aliposikia. "Unakwenda kusomea kupanga vitabu? Hata mimi napanga sufuria, na sina cheti." Lakini aliuza zamu yake ya upatu, akanipa nauli na ada ya awali. Nikapanda basi, nikashuka Msata, nikadandia gari la Bagamoyo nimebanwa baina ya magunia mawili ya mkaa.

Juu ya maisha ya Bagamoyo sina mengi ya kusimulia ambayo hayajasimuliwa. Jioni unasikia ngoma kutoka TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale, wanafunzi wa sanaa wanafanya mazoezi, nasi tunakariri kanuni za uorodheshaji. Mkasa wangu mkubwa ulikuwa njaa ya mwisho wa mwezi. Darasani tulifundishwa kuandika kadi za katalogi kwa mkono na kwa mashine, halafu kwenye kompyuta tulizokaa wanne wanne. Nililiona hilo la kadi kuwa kupoteza muda. Leo nashukuru: aliyewahi kuandika kadi kwa mkono anajua kila uga, yaani kila kisanduku cha kujaza, kwenye kompyuta unataka nini na kwa nini.

Mwalimu mmoja alitusomesha sheria tano za Ranganathan, yule Mhindi aliyezichapisha mwaka 1931. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kitu kinachokua. Darasa zima tulizikariri kwa kuimba. Mimi ile ya nne ndiyo iliyonigonga, nikamkumbuka mzee wa Mwambani. Bi Mkubwa alitumia dakika tano kumuuliza, akamwokoa siku nzima ya kuzungushwa. Hakuwa amesoma hizo sheria popote, au kama alizisoma hakuwahi kuzitaja.

Kulikuwa na upande mwingine wa masomo ambao sisi tuliojiona watu wa vitabu tuliudharau: utunzaji wa kumbukumbu, yaani masjala. Majalada, folio, dispachi. Tulikuwa tukitoroka vipindi vyake. Nitarudi kwenye hilo, kwa aibu.

Nikamaliza, nikarudi Tanga na cheti kwenye bahasha ya kaki, na mwaka mzima ukapita bila kitu.

Mwaka ule nitauelezea kidogo kwa sababu ndio vijana wanaouishi sasa. Asubuhi unapita shule binafsi moja baada ya nyingine, unaacha barua kwa mlinzi. Mlinzi anaiweka kwenye droo yenye barua nyingine. Ukiona tangazo la serikali unaomba, unangoja, unaitwa usaili. Nauli ya kwenda Dodoma na kurudi, na kulala, ni maharage ya mama ya wiki kadhaa. Unafika unakuta uwanja umejaa, kila mtu na bahasha yake ya kaki, nafasi zenyewe mbili. Mtihani wa mchujo nilipita. Kwenye wa mahojiano walikaa watu wanne, mmoja akaniuliza swali jepesi: "Akija msomaji na swali ambalo hulijui, utafanyaje?"

Nikajibu kwa kukariri. Nikasema huduma ya marejeo ni huduma inayotolewa na mkutubi kwa msomaji kwa lengo la, na kadhalika, nikamalizia na aina zake tatu. Niliona kabisa kalamu yake ikisimama. Nikatoka nje nikijua nimekosa, na sikujua nimekosea wapi. Mkononi nilikuwa nimekwisha hudumia mamia ya maswali ya watu wa kweli, na mdomoni nilitoa notisi.

Kazi ya kwanza iliyonilipa ilikuwa shule moja binafsi nje kidogo ya mji. Sitaitaja. Barua iliandika "Mkutubi", nikaionyesha mtaa mzima. Siku ya kwanza nikaonyeshwa maktaba: chumba kizuri, rafu mpya, maboksi ya vitabu vya msaada yamepangwa hadi dirishani, na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule mwenyewe. Vitabu havikuwa vimetolewa kwenye maboksi kwa miaka miwili. "Wataviharibu," aliniambia. Wageni wakija, kufuli linafunguliwa, wanapiga picha. Mimi kazi yangu ikawa kutoa chaki, kuhesabu karatasi za mitihani, na kufuatilia wenye madeni ya ada.

Nilipofungua yale maboksi nilikuta vingine havitufai hata kidogo: miongozo ya kodi ya mapato ya nchi za watu, kitabu cha kutunza bustani majira ya theluji. Lakini ndani yake mlikuwa na hadithi nzuri za watoto na kamusi zenye picha, na mchwa ulikuwa umekwisha anza kula boksi la chini kabisa, lililogusa sakafu. Nilimwomba mkuu nusu saa tu kwa siku, wakati wa mapumziko, darasa moja moja. Akakubali kwa shingo upande, na akaweka sharti: kitakachopotea, ni juu yangu. Nami kwa hamu ya kufungua mlango nikakubali kwa mdomo.

Mwezi wa kwanza watoto walisoma wamekaa sakafuni kwa kukosa viti. Nikaanza daftari langu mwenyewe, la kwanza. Swali la kwanza kabisa lililomo, la mtoto wa darasa la tatu: "Mwalimu, papa na nyangumi nani babu?" Mwisho wa muhula nilihesabu vitabu, vinne havikuonekana. Vikakatwa kwenye mshahara wangu, kwa bei iliyoandikwa nyuma ya kitabu, kwa fedha ya kigeni, ikabadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Vitabu vya msaada! Mwezi ule nilipeleka nyumbani nusu mshahara.

Kwa hiyo hili nalisema kwa kila anayepata kazi ya maktaba shuleni, hata kabla hajauliza: kabla hujaigusa rafu, andikeni na mwajiri kwamba vitabu huchakaa na hupotea, ni kiasi gani mnakubali kwa mwaka, na kwamba haviuhusu mshahara wa mtu. Karatasi moja, sahihi mbili. Maktaba isiyopoteza kitabu hata kimoja ujue haiazimishi. Na daftari la mapokezi ya vitabu, lile tunaloliita aksesheni, lianzishe siku ya kwanza wewe mwenyewe, kila kitabu na namba yake, kimetoka wapi, kimeingia lini. Bila hilo hata ukidaiwa vitabu hamsini huna cha kujitetea.

Niliondoka pale mwaka wa pili. Sikuwa na pa kwenda, nikapata mkataba wa miezi sita masjala ya ofisi moja ya umma. Masjala! Wenzangu wa chuo walinihurumia.

Nasema kwa aibu: masjala ndiyo iliyonifanya mkutubi. Maktaba msomaji akikosa kitabu anachukua kingine. Masjala mtu akikosa jalada lake hapandi daraja, hapati mafao, mjane hapati haki ya marehemu. Nilijifunza kuandika mwendo wa kila jalada, limetoka kwa nani, saa ngapi, limekwenda kwa nani. Siku moja lilitafutwa jalada la mstaafu mmoja tangu asubuhi, mzee mwenyewe amekaa kwenye benchi na fimbo yake. Kadi ilionyesha limetoka masjala wiki tatu nyuma kwenda kwa ofisa fulani, na yeye anasema alilirudisha. Nikaomba ruhusa niingie ofisini kwake niangalie tu. Lilikuwa chini ya sinia la vikombe vya chai, limekuwa kitambaa cha meza. Yule mzee aliponiona nalo alisema, "Marahaba, mwanangu, marahaba," na mimi wala sikuwa nimemwamkia.

Tena nafasi zinazotangazwa za watunza kumbukumbu, kwa nilivyoona mimi, zimekuwa nyingi kuliko za wakutubi, kwa sababu kila ofisi ina majalada na si kila ofisi ina maktaba. Anayetoroka vipindi vya kumbukumbu kule chuoni anajifungia nusu ya milango kwa mkono wake. Mimi nilifundishwa upya na karani wa darasa la saba aliyekuwa pale miaka ishirini, na alifurahi sana kunifundisha.

Kazi niliyonayo sasa, maktaba ya chuo kimoja hapa hapa Tanga, niliipata kwa usaili wa watu watatu. Sitasahau: swali lilikuwa lile lile la Dodoma, kwa maneno mengine. Msomaji amekuja na jambo usilolijua, je? Safari hii nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba madaftari mawili. Nikaomba ruhusa nikafungua. Nikawasomea ukurasa mmoja: tarehe, swali, nilichojibu, nilichokosa, nilichofanya baadaye. Kulikuwa na swali la mwanafunzi aliyetaka kujua Shaaban Robert amezikwa wapi. Nilikuwa nimeona haya siku ile. Mtu aliyezaliwa hapa Tanga mwaka 1909, akafa 1962, washairi wa nchi nzima wanamtaja, na mimi mzawa sikujua kaburi lake. Niliandika kwenye safu ya mwisho: "Sikujua. Nimemwambia aje kesho. Nimeuliza wazee watatu. Machui." Na chini yake: "Maktaba haina hata bahasha moja ya habari za watu wa Tanga. Ianzishwe."

Mmoja wa wasaili, mama wa makamo, akachukua daftari akawa anapekua mwenyewe, wenzake wakamsubiri. Akaniuliza, "Haya maswali uliyahesabu?" Nilikuwa nimeyahesabu. Katika daftari la kwanza yalikuwa 318, na yaliyohusu kitabu fulani kwa jina hayakufika hata theluthi. Yaliyobaki yalikuwa: nisaidie kujaza fomu, mitihani ya nyuma ya kidato cha nne ipo, neno hili la daktari maana yake nini, naomba barua ya maombi niione inavyoandikwa, intaneti inalipiwa?

"Basi ungeagiza nini kwanza ukipewa bajeti yetu?" akauliza.

Nikasema meza ndefu, soketi za umeme, na mitihani ya nyuma iliyojalidiwa. Vitabu vya nne.

Walinipigia simu baada ya siku tisa.

Huku ninapofanya kazi tulihamia kwenye programu ya Koha, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Naitaja kwa sababu kijana asiye na kazi anaweza kujifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya kuazima bila kulipa leseni, na kuandika kwenye barua yake kwamba anaiweza, akiwa anaiweza kweli. Mimi niliiweza kwa kuumia. Wiki mbili za kuingiza vitabu, umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikalia mara moja ikazima, na nakala ya akiba hakuna. Vitabu zaidi ya mia nne, nikaanza upya. Sasa kila siku saa tisa na nusu nakala inaingia kwenye diski ya nje, na diski inalala kwangu, si ofisini. Wenzangu wananitania kwamba nalala na maktaba chini ya mto wa kitanda.

Cheo nacho kina ukweli wake. Kwa cheti na stashahada utabaki msaidizi, na kupanda hadi mkutubi kamili kunataka shahada. Stashahada niliisoma nikiwa kazini, shahada bado naiangalia kwa mbali na watoto wawili mgongoni. Mshahara wa mkutubi msaidizi haujengi nyumba Raskazone. Nimejenga Pongwe, vyumba viwili, na dari nimeweka.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye maelezo ya kazi, na ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote, ni wazee wenye mashairi. Tanga haikauki washairi. Walianza kuja mmoja mmoja baada ya kusikia naweka bahasha za watu wa hapa. Anakuja babu na daftari limefungwa kwa kamba ya mkonge, ndani yake mna tungo 90 zenye vina safi, anauliza kitabu kinafanywaje kiwe na ile namba ya nyuma. Namba hiyo ya ISBN hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na vitabu vyetu utavitambua kwa 9976 au 9987 baada ya ile 978 ya mwanzo. Nawasaidia kuomba. Wengine wanafikiri mimi ndiye mchapaji, wananiletea samaki.

Wiki hii nina kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka Bagamoyo. Ana adabu, ana simu nzuri, na anaona aibu kuulizwa swali. Jana akaja mama lishe wa pale getini, akauliza kama kuna kitabu cha kumwonyesha namna ya kutunza hesabu za duka dogo. Kijana akamwambia, "Mama, hii ni maktaba ya chuo, ni ya wanafunzi." Nikainuka mimi. Yule mama alipoondoka na kijitabu, nikampa kijana daftari jipya, nikamwambia aandike.

"Niandike jibu, dada?"

"Swali. Kwa maneno yake."

Akaandika mstari mmoja, akanitazama, akaongeza wa pili. Usiku mvua ikanyesha na paa letu upande wa bahari likavuja tena, sanduku zima la majarida limeloa. Anasema kesho atafika saa mbili. Nimemwambia aje saa moja na nusu, tuyafungue kurasa kwa kurasa, tuweke karatasi nyeupe katikati, tuyaanike chini ya feni. Juani hapana, yatajikunja.